Wagoni Nzuri Ni ya Mwaka Gani

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika spana hata moja. Niliripoti kwenye karakana ya shamba la mkonge Ngombezi asubuhi na mapema, nimevaa ovaroli ya kuazima niliyoikunja miguu mara mbili, nikidhani nitapewa trekta nilifungue. Msimamizi wa Karakana alinipeleka kwenye meza ya vyuma akanionyesha pampu mbili za maji, zote za trekta la aina moja, zimetoka kiwanda kimoja. Moja ilikuwa imechakaa hadi rangi imekwisha, nyingine inang'aa. Akaniuliza ipi itavuja kwanza. Nikaichagua iliyochakaa, nikajiona mwerevu. Akaniambia hiyo iliyochakaa imesukuma maji miaka mingi bila kulalamika, na hiyo inayong'aa ilifungwa mwezi uliopita na imeshavuja mara mbili.

"Aina moja, mwaka tofauti," alisema. "Kuanzia leo usiniambie trekta gani. Niambie la mwaka gani."

Alikuwa mtu mfupi, mkali, mtoto wa vibarua waliokuja kukata mkonge kutoka mbali wakazeekea kwenye kambi za shamba. Hakusomea ufundi popote. Alijifunza kwa kufungua vitu na kukumbuka alichokiona ndani. Sifa kutoka kinywani mwake sikuzisikia kwa miaka yote niliyokaa naye, na ukikosea alikurudishia kazi yako bila neno, akaenda kunywa chai. Ninyi vijana mnaopimisha gari kwa kuchomeka waya na kusoma simu msingemaliza naye wiki.

Lakini alichonifundisha ndicho kilichonilisha hadi nikastaafu. Kiwanda, alisema, hutoa umbo jipya la gari, kikalitengeneza miaka mitano au sita, halafu kikaliacha na kutoa jingine. Mwaka wa kwanza wa umbo wanakuuzia wanachokidhani. Mwaka wa pili wanapokea malalamiko na kubishana nayo. Mwaka wa tatu wanakubali makosa na kuyarekebisha kimyakimya. Mwaka wa mwisho akili zao zimeshahamia kwenye umbo linalokuja, nao hupenda kujaribisha vifaa vipya ndani ya gari la zamani. Kwa hiyo la kuchagua ni la mwaka wa kabla ya mwisho. Alilifananisha na chapati: ya kwanza inapima moto, ya mwisho inapikwa kwa makaa yanayozima, na mwenye nyumba mwenye akili hula ya katikati.

Ngombezi nilikaa hadi shamba lilipopunguza mitambo na watu. Nikaomba kazi halmashauri, nikapangiwa Handeni.

Handeni ya wakati huo ilikuwa joto na vumbi. Chujio la hewa lililopaswa kubadilishwa kila baada ya miezi kadhaa tulilipiga kwa hewa kila wiki, na rejeta, yaani lile sanduku la kupozea maji ya injini, tulilisafisha kwa brashi kama tunavyosafisha viatu. Mkubwa wangu alikuwa Afisa Usafirishaji, Mzigua wa hapohapo, mrefu, mpole wa sauti, shati lake limenyooshwa hata siku anayoingia chini ya lori. Yeye ndiye mkubwa niliyempenda kuliko wote, nalisema wazi. Alipokea taarifa amesimama, akasikiliza hadi mwisho, na kama hakuelewa aliuliza. Wakubwa wengi hawaulizi.

Huko ndiko magari ya wagoni yalipotukuta. Wagoni, kwa asiyejua, ni gari dogo lenye mgongo mrefu, ambalo ukilaza siti za nyuma linabeba magunia, vitanda, hata mgonjwa aliyelala. Yalikuja kutoka ng'ambo yakiwa yameshatumika, na kila mtu mwenye kazi ya mshahara alitaka lake. Ndipo nikaona kosa ambalo sijui kama watu wa nchi nyingine wanalifanya. Sisi tulihesabu umri wa gari kwa herufi ya namba. Namba zilianza na A, zikaja B, zikaja C, na mwenye C alimtazama mwenye B kwa huruma. Hakuna aliyefikiri kwamba herufi ile inaonyesha gari limesajiliwa hapa lini tu. Liliundwa lini ni habari nyingine kabisa. Gari la B linaweza kuwa kijana na la C likawa babu yake.

Hata kadi ya gari haitoshi. Mara nyingine mwaka ulioandikwa pale ni ule gari lilipoanza kutembea huko lilikotoka, na huenda kabla ya hapo lilikaa kwenye ua wa muuzaji likipigwa na mvua. Ushahidi mzuri niliujua kwa bahati siku niliyokuwa nafungua siti kutafuta harufu ya panya aliyekufa. Ukivuta mkanda wa usalama hadi mwisho, chini kabisa karibu na sakafu, utakuta kitambaa kidogo kimeshonwa, na juu yake umeandikwa mwaka mkanda ulipotengenezwa. Mikanda haikai sana kiwandani kabla ya kufungwa. Watu wanapaka rangi upya, wanabadilisha taa, wanarudisha nyuma kilomita, lakini mkanda hakuna anayeukumbuka. Vuta yote, na ya nyuma pia, maana ya mbele huweza kubadilishwa baada ya ajali.

Siku moja wagoni binafsi ya Mkurugenzi wa halmashauri ililetwa karakana inachemka. Ilikuwa na namba mpya kuliko zote wilayani na watu walikuwa wamempongeza wiki nzima. Nilimnong'oneza Afisa Usafirishaji kwamba nashuku mwaka wake, ila Mkurugenzi mwenyewe amesimama palepale. Nilitegemea aniambie nifunge mdomo.

"Vuta," akasema, bila kupunguza sauti. "Mkanda haujui cheo cha mtu."

Nikavuta. Gari lilikuwa na miaka mitatu zaidi ya ile mwenyewe aliyoamini. Mkurugenzi alisoma, akaniuliza afanye nini, nikamwambia, akafanya. Kuanzia hapo nikapata jina. Watu waliniita Fundi Mwaka. Walikuja kutoka Mkata, wengine kutoka Segera, wakiwa na picha za magari, swali lao lilelile: Fundi, ya mwaka gani? Nami nilijibu bila kusita, kwa sababu nilikuwa nimeshafungua injini za kutosha kujua nasema nini. Nilijivuna, sikatai. Mtu akijua kitu vizuri aruhusiwe kujivuna kidogo.

Wagoni iliyopendwa ilikuja kwa maumbo matatu, na sisi tuliyapa majina kwa taa zake: Taa Mraba, Taa Yai na Taa Ndizi. Taa Mraba ilikuwa imara lakini vipuri vyake vilianza kwisha. Taa Ndizi ilikuwa na umeme mwingi kuliko barabara zetu zinavyostahimili. Ya kuchagua ilikuwa Taa Yai, ila Taa Yai ilitengenezwa miaka mitano na miaka hiyo haifanani.

Miaka miwili ya mwanzo ilikula oili. Pistoni, kile chuma kinachopanda na kushuka ndani ya silinda, ina matundu madogo ya kurudishia oili chini. Kiwandani waliyatoboa machache na membamba. Uchafu ukaziba, ringi zinazoizunguka pistoni zikaganda, oili ikabaki juu ikaungua pamoja na petroli. Kwa nje husikii kitu, gari linakwenda vizuri tu, mpaka siku oili inapokwisha. Katikati ya mwaka wa tatu wakaongeza matundu. Mwaka wa nne shida ikaisha kabisa. Mwaka wa tano wakaleta giaboksi inayotumia mkanda wa chuma badala ya meno, ili kubana mafuta, na giaboksi hiyo milima ya Usambara iliichemsha. Kwa hiyo jibu langu lilikuwa moja: Taa Yai, mwaka wa nne. Msimamizi wangu wa Ngombezi alikuwa ameshalala kaburini, lakini hesabu yake ya chapati ilisimama.

Miaka yangu ya mwisho kazini nilihamishiwa Korogwe, nikawa Fundi Mkuu chini ya Mhandisi wa Wilaya. Alikuwa binti ambaye umri wake ulilingana na wa mwanangu wa pili, ananipa shikamoo kila asubuhi na kisha ananidai maandishi ya kila nilichokigusa. Nilimwambia mimi huandika kwa spana. Akaniambia, kwa adabu zote, kwamba spana haisomeki kwa mkaguzi. Tulielewana baada ya mwezi mmoja, na ninakiri mafaili yangu yalikuwa mazuri kuliko wakati wowote.

Hapo ndipo Mama Hoza alipokuja kuniona. Alikuwa nesi wa zahanati moja huko Mpale, Msambaa, mwanamke mnene wa mwendo wa polepole ambaye hajawahi kuonekana akikimbia hata mvua ikinyesha. Alikuja na wenzake wawili wa kikundi chao cha akina mama. Walikuwa wamelima maharage na kabichi misimu minne, wakiweka pamoja, kwa ajili ya kitu kimoja: gari la kuwashusha wajawazito hospitali mjini. Kwao, mama akishikwa na uchungu mgumu, alibebwa kwa machela hadi penye pikipiki, na mwaka uliotangulia mmoja wao alikuwa amefia kwenye machela hiyo. Alikuwa mdogo wake Mama Hoza. Alinieleza hayo bila kulia. Akasema hawana nguvu ya kununua mara mbili, kwa hiyo wanataka niwaambie mwaka ambao hautawaangusha.

Nikawaambia. Taa Yai, mwaka wa nne. Na nikaahidi kuwatafutia mwenyewe.

Sikutafuta mbali. Nilijua Afisa Usafirishaji wangu wa zamani, aliyekuwa amestaafu palepale Handeni, ana Taa Yai nyeupe aliyoitunza kama mtoto, na macho yake yameanza kumkataza kuendesha. Tulikwenda mimi, Mama Hoza na dereva wao Saidi. Mzee alitupokea barazani, shati limenyooshwa kama zamani. Nikampa shikamoo, akaniitikia akinishika mkono kwa mikono yote miwili. Mkewe akatuletea chai na mihogo. Mzee alimwambia Mama Hoza kwamba hakuwahi kuwa na fundi kama mimi, nami nikatazama chini kama mwanafunzi.

Kadi ilisema mwaka wa nne. Nilifungua boneti, nikasikiliza injini, nikatazama moshi, nikalitembeza gari hadi barabara kuu na kurudi. Lilikuwa safi. Nikamuuliza mzee kama linakula oili. Akasema kidogo tu, kama gari lolote.

Nilikaa siti ya nyuma, mkono wangu umeshika mkanda. Mzee alikuwa amesimama mlangoni ananitazama, anatabasamu. Kuuvuta mbele yake ilikuwa sawa na kumwambia kwamba kadi yake siiamini, chai yake nimekunywa na neno lake nalipima. Mtu aliyenilea kazini, niliyetoka kumpa shikamoo. Nikauachia mkanda nikashuka. Nikamwambia Mama Hoza achukue.

Tena nikaongeza kosa juu ya kosa. Saidi aliponiuliza oili aitazame kila baada ya siku ngapi, nikamwambia injini hii ya mwaka wa nne haili oili, atazame akikumbuka.

Lile gari lilipanda Mpale likashangiliwa. Kwa wiki chache lilishusha akina mama kadhaa salama, na kila niliyekutana naye sokoni alinipa mkono. Kumbe mzee alikuwa akiendesha tambarare ya Handeni taratibu na kuongeza oili kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini, akidhani ndivyo magari yanavyoishi. Milimani hakuna taratibu. Ukipanda na mzigo injini inavuta kwa nguvu zote, na pistoni zenye matundu machache zinakunywa oili kama zina kiu.

Ilikuwa asubuhi ya masika. Saidi alikuwa anamshusha mama mmoja, Rehema, mimba yake ya kwanza, Mama Hoza amekaa pembeni yake nyuma. Barabara ile haishuki moja kwa moja, inashuka na kupanda na kushuka tena. Kwenye kipando cha pili taa nyekundu ya oili ikawaka kwenye dashibodi. Dereva yeyote angesimama. Saidi hakusimama, kwa sababu alikumbuka maneno yangu. Fundi Mwaka alisema injini hii haili oili, kwa hiyo aliamini taa ndiyo mbovu. Akaendelea hadi injini ikagonga mara tatu na kukamata, yaani vyuma viliungana kwa joto vikakataa kuzunguka.

Rehema alijifungulia palepale, siti zimelazwa, mvua inapiga paa. Mtoto alitoka analia. Mama yake alivuja damu nyingi, na Mama Hoza alimshikilia kwa mikono yake miwili hadi lori la kabichi lilipopita, likawachukua. Alilazwa siku nyingi na akapona. Nalisema hili mapema ili msomaji asikae roho juu, maana mimi nilikaa hivyo siku nzima kabla ya kuambiwa.

Gari lilivutwa hadi Korogwe. Kabla sijafungua kitu chochote nilikaa siti ya nyuma na kuuvuta mkanda. Mwaka wa pili, tena mwishoni mwake. Lilikuwa limekaa kwenye ua wa muuzaji huko lilikotoka hadi mwaka wa nne ulipoanza ndipo likaandikishwa, na mwaka huo ndio uliofika kwenye kadi. Mzee hakudanganya. Hakujua, na mimi niliyejua namna ya kujua sikutaka kujua.

Mama Hoza alikuja karakana siku ya tatu. Hakukaa kwenye kiti nilichompa.

"Fundi, shikamoo," alisema.

"Marahaba, Mama Hoza."

"Wewe ndiye uliyenifundisha njiani tukienda Handeni kwamba mkanda ndio unaosema kweli. Uliuvuta?"

Ningeweza kumwambia kadi ilikosewa, na ingekuwa kweli. Nilimwambia sikuuvuta. Nilimwambia nilimwonea haya mzee wangu.

"Mficha uchi hazai, Fundi," akasema. "Hilo mimi nalisema kila siku kwa wasichana wanaokuja zahanati. Sikudhani nitakuja kulisema kwa mtu wa umri wako."

Akaondoka bila kuaga. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona kabla wala baada. Nimewahi kukosea kufunga nati, nimewahi kuunguza injini ya trekta, lakini hayo yalikuwa makosa ya mkono. Hili lilikuwa la moyo, na lilimpata mwanamke aliyenikabidhi kaburi la mdogo wake nimwambie nini cha kufanya.

Nilimwomba Mhandisi wa Wilaya niitengeneze injini ile karakana kwetu baada ya saa za kazi. Alikataa. Alisema karakana ni ya umma na gari ni la kikundi, na kama naona deni ni langu basi nichukue likizo. Nilikasirika kwa dakika tano, halafu nikachukua likizo. Nikapanga kona kwenye gereji moja ya Manundu.

Hapa kuna jambo la ufundi ambalo vijana wengi hawalijui, na ningependa walijue. Silinda za Taa Yai ya mwaka wa pili na za mwaka wa nne zina kipenyo kilekile. Walichobadilisha kiwandani ni pistoni na ringi zake. Kwa hiyo nilitafuta injini ya mwaka wa nne iliyogongwa ubavuni huko Segera, nikatoa pistoni zake nne, nikazilinganisha na zile zilizoungua. Matundu ya kurudishia oili yalikuwa mara mbili, na mapana. Krankishafti, ule mhimili mkubwa unaozungushwa na pistoni, niliupeleka kusagwa upya, nikafunga beringi mpya, nikapima kila nafasi kwa kipimo cha waya na kupima tena kesho yake. Sikumwachia mtu kazi hata ya kuosha boliti. Nilipowasha, nililipeleka mwenyewe hadi Kwashemshi na kurudi, siku sita mfululizo, nimebeba magunia ya mchanga nyuma, nikichomoa kijiti cha oili kila jioni. Kipimo hakikushuka hata ukucha.

Kabla ya kulirudisha Mpale nilipanda basi kwenda Handeni. Mzee alikuwa barazani. Nilimweleza yote, tangu mkanda hadi lori la kabichi. Alisikiliza hadi mwisho kama alivyosikiliza siku zote, na uso wake ukazeeka mbele yangu.

"Mimi ndiye niliyekuambia uvute mkanda wa Mkurugenzi," alisema. "Ulidhani wangu una heshima kuliko wake?"

Nikasema nilihofia kumvunjia adabu.

"Ulinivunjia," akasema. "Uliniona mtu wa kukasirika kwa kuambiwa kweli. Miaka yote ile ulinijua hivyo?"

Alinisindikiza hadi kituoni kwa miguu, kwa fimbo, ingawa nilimsihi asije. Njiani aliniuliza mtoto amepewa jina gani, nikaona aibu tena kwa kuwa sikuwa nimeuliza.

Sasa nimestaafu. Niko Manundu, nina kuku na nina magoti mabaya, ambayo ni cheti cha fundi yeyote aliyefanya kazi kweli. Watu bado wanakuja na simu zao. Nami bado najibu kwa uhakika uleule, maana makosa yangu hayakuwa ya hesabu, na hesabu ile ni sahihi hata kwa maumbo mapya: acha mwaka wa kwanza na wa pili, acha na wa mwisho. Nilichoongeza ni kwamba mwaka utazameni kwa macho yenu, mwenye gari akiwa amesimama palepale, awe shemeji, awe imamu, awe mchungaji. Mwambieni kabisa mnachokitafuta. Mwenye gari mwema atainama atazame nanyi, na asiyetaka amewaambia jambo.

Mama Hoza sikumwona kwa muda mrefu. Gari nilimkabidhi Saidi, naye hupitisha salamu zinazorudi kavu. Najua kutoka kwake kwamba pistoni zinafanya kazi na kwamba oili anaitazama kila asubuhi kabla ya chai. Nikazoea kwamba ndivyo itakavyobaki, na kwamba ni haki.

Kisha mwaka huu, baada ya mavuno ya maharage, alinijia nyumbani. Wanawake wa Kwashemshi nao wameanzisha kikundi, wameona gari Korogwe mjini, namba E, linameremeta, na ndugu zao wote wanalitaka kwa sababu ya herufi. Yeye akawaambia wasubiri aniite. Sikuuliza kwa nini mimi. Nilichukua fimbo tukaenda.

Ilikuwa Taa Yai. Nililizunguka polepole. Nilitazama vioo, boliti za milango, rangi ya bomba la moshi, nikafungua boneti nikanusa. Nikakaa nyuma, nikavuta mikanda yote mbele ya muuzaji, ambaye hakufurahi. Wanawake watano walikuwa wamesimama wananitazama. Nikashuka nikamwambia Mama Hoza kwamba hili ni la mwaka wa nne, na wachukue.

"Ahsante, Fundi," alisema.

Akampa mwenzake mkoba wake, akafungua mlango wa nyuma, akajikunja kwa shida na unene wake, akauvuta mkanda hadi chini na kukisogeza kile kitambaa kwenye mwanga. Alifanya hivyo mbele yangu, na mbele ya watu wote, baada ya kunipa shikamoo asubuhi ile na kunywa chai yangu. Muuzaji alinitazama kuona nitakasirika vipi.

Iliniuma, nisidanganye. Iliniuma kidogo, halafu nikamshikia mlango usimfungie mguu, nikainama nisome naye.